Tulimfungia baba mkwe keypad na display ili asife peke yake

Wakuu wa jukwaa, popote mlipo, poleni na majukumu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika, na sijazoea, kwa hiyo nikivuruga mpangilio mnivumilie. Nitakayoyasema yametokea kwenye nyumba ninayolala mimi. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza fundi wa kufunga mfumo wa nyumba janja kwa wazazi wake kijijini. Mkamjazia aina za vifaa na ushauri wa waya. Vizuri. Lakini kuna swali moja hakuna aliyemuuliza, na mimi natamani tungeulizwa sisi mapema.

Wale wa "weka picha", picha siweki. Kaeni msome.

Mimi ni wa Issenye, Serengeti, nimeolewa Gorong'a huku Tarime, kwa Wakurya. Kabla ya kuolewa nilikuwa Mugumu kwenye banda la fundi redio na simu, mzee mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Yule mzee alinifundisha kupima umeme, kuchomea waya na kutoogopa kufungua kitu. Nasema hivi mapema maana najua kuna watakaouliza mwanamke amejulia wapi mambo ya wiring.

Mume wangu tumwite Mwita. Akina Mwita huku wamejaa, hamtampata.

Tulianza maisha hatuna kitu. Yeye bodaboda, mimi natengeneza simu sokoni. Halafu dhahabu ikafumuka upande wa pili wa vilima.

Asiyeijua rashi hawezi kuelewa. Leo ni shamba la mihogo la mtu, kesho ni mji wa maturubai, mama lishe, karasha zinasaga mawe kutwa nzima na wanaume wametoka kila kona ya nchi. Mwita akauza pikipiki, akaungana na wenzake wakachimba duara lao, ndiyo shimo la dhahabu. Kwa muda mrefu walitoa mawe matupu. Mimi nilishaanza kumtukana kimoyomoyo.

Kisha duara likatema.

Mambo ya kiasi gani tuyaache. Ilitosha kujenga nyumba ya maana, na aliijenga palepale kwenye mji wa baba yake, ng'ambo ya zizi.

Sasa niwatambulishe kwa huyo baba. Nitamwita Tata, ndiyo baba kwa Kikurya, na hivyo ndivyo nilivyomwita moyoni, maana kumwita kwa mdomo nilikuwa simwiti. Mjane, mrefu, maneno machache, fimbo mkononi. Alikuwa na presha na moyo unamsumbua. Aliishi na dada yake, shangazi Robi, aliyekuwa anampikia na kumsemea.

Kumsemea kivipi? Hapo ndipo penye kisa chote.

Kwa Wakurya wa mji ule, baba haingii nyumba ya mwanae aliyeoa. Haingii kabisa. Si ugomvi, ni heshima, wenyewe wanaiita insoni. Na mimi mkamwana siingii kwake, simpi mkono, sikai naye, simkodolei macho. Nikimwona anakuja njia hii, mimi napisha. Chakula kinapitia kwa shangazi, salamu zinapitia kwa shangazi, hata pole ya ugonjwa inapitia kwa shangazi.

Najua wengine siku hizi wamelegeza. Wakurya wa mjini wanakaa na wakwe zao wanaangalia mpira. Tata hakulegeza.

Kwetu mimi baba alikuwa mwalimu na mlokole, wake za kaka zangu walikuwa wanamtania mpaka anacheka. Kwa hiyo mwanzoni niliamini huyu mzee hanipendi. Shangazi Robi akanicheka. Akaniambia kama Tata angekuwa ananidharau, angeshakuja kujikalia sebuleni kwangu siku nyingi.

Basi, shida ikawa hii. Mwenye duara haachi duara. Ukiondoka wanaingia wengine, au wenzako wanatoa mawe usipokuwepo. Mwita akawa analala huko huko maturubaini. Shangazi Robi naye ana minada yake, misiba yake na umbea wake. Tata anabaki na ugonjwa, na mtu wa karibu ni mimi, ambaye sitakiwi kuvuka mlango wake.

Siku moja Tata alianguka kitandani mchana kweupe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya zizi nafua na kuimba nyimbo zangu. Aliyemkuta ni shangazi aliporudi.

Alipona. Lakini Mwita aliposikia alikuja, akakaa juu ya gogo la zizi, jitu zima, akalia. Mama yake alifariki yeye akiwa barabarani na abiria. Aliniambia hataki baba yake naye aondoke hivyo, hakuna wa kumsikia.

Hapo ndipo wazo la mfumo lilipoanzia. Watu wanadhani ni majivuno ya dhahabu. Hapana wakuu. Alikuwa mtoto anayeogopa kumpoteza baba yake.

Alikuwa ameona nyumba ya mnunuzi mmoja wa dhahabu kule Mwanza, ukutani kuna keypad ya kuwashia taa na kufungulia geti, na display inaonyesha nani yuko nje. Akaleta fundi kutoka huko huko. Mpango ulikuwa keypad getini, nyingine mlangoni, nyingine chumbani, display sebuleni kwetu. Halafu kwa Tata keypad na display yake karibu na kiti chake, yenye kitufe kikubwa cha kuita. Akijisikia vibaya anabonyeza, kwetu inalia, tunaonana, tunazungumza.

Yule fundi alifanya kazi kama anakimbizwa. Akapata kazi nyingine, akaaga kwamba anarudi kesho. Hiyo kesho bado tunaisubiri.

Nikashika bisibisi mwenyewe.

Kwa mnaopenda ufundi, nieleze kidogo, wengine mnaweza kuruka. Waya unaoenda kwenye keypad una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za mawasiliano. Zote zinarudi kwenye boksi kuu, letu liko stoo. Keypad zote zinatumia njia moja, kwa hiyo kila keypad inatakiwa iwe na namba yake, inapangwa kwa viswichi vidogo mgongoni. Fundi alizipa ya getini na ya chumbani namba moja. Ukibonyeza getini, taa ya chumbani inawaka. Nilihangaika nayo mpaka nikadhani nyumba imerogwa, kumbe ni namba.

Ya kwa Tata ilikuwa inawaka na kuzima. Waya ulikuwa mrefu mno, umepita chini ya uwanja ndani ya bomba ng'ombe wasiukanyage, na umeme ulifika umechoka. Nikatafuta adapta yake peke yake, shangazi akaichomeka kule ndani kwa Tata. Ikatulia.

Nilijisikia fahari, sitawaficha.

Tukawasha Jumapili baada ya ibada, Mwita akiwa nyumbani. Yeye alikwenda kwa Tata, mimi nikabaki sebuleni kwangu. Nilimwambia akiwa tayari abonyeze. Mimi sikuwaza kitu. Nilikuwa kwenye kochi langu, kichwa wazi, Ghati wangu mdogo yuko kwenye titi.

Display ikalia, nikapokea. Uso wa Tata ukajaa kwenye kioo. Nikaona macho yake yanashangaa, halafu yanashuka chini haraka.

Maana na yeye aliniona. Sebule yangu yote, na mimi nilivyokuwa.

Akainuka, akatoka nje na fimbo yake. Mwita akamfuata mpaka zizini. Dirisha langu lilikuwa wazi, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mura," Tata alisema, ndiyo kijana kwa Kikurya, "umeniingiza nyumbani kwako bila kunifungulia mlango."

Mwita akajitetea kwamba hajaingia popote, amekaa kwenye kiti chake, hajavuka hata kizingiti.

"Miguu haikuvuka," mzee akajibu, akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Wakuu, mimi nilikaa pale nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Na huku najua sina kosa, wala Mwita hana nia mbaya. Yeye ni Mkurya wa damu, hiyo mila amezaliwa nayo, lakini kichwani mwake kuingia ni kuingia kwa miguu. Kioo hakukihesabu.

Wazee walikaa, yakaisha kwa mbuzi. Mwita akarudi duarani. Tata akachukua shuka akafunika display yake, na kitufe kikawa ndani ya shuka.

Sasa mimi nikabaki na mawazo. Akishikwa tena kesho, hatabonyeza. Atakufa na kitufe pembeni kwa sababu anaogopa kuniona mimi kwenye kochi. Hilo lilininyima raha kabisa.

Nikaingia kwenye setting nikazima picha pande zote, nikabakiza sauti tu. Nikamtuma shangazi amwambie. Jibu likarudi kwamba anaamini nasema kweli, lakini jicho bado liko palepale.

Nikafikiri sana juu ya hilo jibu. Halafu nikafungua display yangu. Kwenye ule mfumo wa kwanza kamera ilikuwa kipande kidogo kinachojitegemea, kimeunganishwa na utepe mwembamba. Nikaichomoa.

Ya kwake ilibidi aichomoe shangazi, mimi nikiwa nimesimama zizini napiga kelele za maelekezo. Namwambia legeza skrubu kushoto, yeye ananiuliza kushoto kwake au kushoto kwangu. Ng'ombe wanatushangaa. Tata, naambiwa, alikaa anamtazama dada yake anavyohangaika, akajifanya anavuta ugoro.

Nikaziweka zile kamera mbili kwenye sahani, nikafunika kitambaa kama chakula, nikamtumia. Shangazi anasema alizishika, akazigeuzageuza, akauliza kama hayo ndiyo macho yote. Akaambiwa ndiyo. Akatoa shuka.

Kesho yake alasiri display yangu ikalia. Nikapokea. Nasikia pumzi tu.

"Mama Ghati."

Nikajibu, "Tata, shikamoo."

"Marahaba. Yule ng'ombe wa maziwa anaharisha. Shangazi asimpe majani mabichi."

Akakata.

Nilicheka mpaka machozi. Tangu niolewe, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe bila kupitia kwa mtu. Na ni habari ya mavi ya ng'ombe.

Basi ikawa desturi. Alasiri shangazi akiwa kwenye mizunguko yake, Tata anabonyeza. Kwanza ng'ombe, halafu mvua, halafu bei ya mahindi. Baadaye akaanza kuniuliza habari za Issenye, kama bado nyumbu wanapita karibu. Akanihadithia jinsi alivyomuoa mkewe na ng'ombe gani walitoka zizini siku hiyo, mmoja mmoja kwa jina. Nikamwelekeza jinsi waya unavyobeba sauti, akaniuliza maswali mazuri kuliko yule fundi wa Mwanza.

Siku moja nilicheka kwa nguvu kitu alichokisema. Akasema, "Sikujua una kicheko. Ukipita huku huwa una adabu tu."

Baba yangu mimi alishafariki. Sitaki kuwadanganya, nilimpenda yule mzee kama nimempata baba wa pili. Uso wake nilikuwa naukwepa uwanjani asubuhi, alasiri tunazungumza kama marafiki, jioni naukwepa tena. Na wote wawili tuliona ni sawa kabisa.

Na mfumo ulifanya kazi iliyokusudiwa. Kuna siku alibonyeza akasema kifua kinambana. Nikaita jirani na bodaboda, nikampigia shangazi, wakamuwahisha hospitali. Daktari alisema wangechelewa ingekuwa habari nyingine.

Mwita alishukuru sana siku ile. Lakini nadhani ndiyo siku alipoanza kuwa na kiu nyingine. Kule duarani hana namna ya kumwona baba yake. Akipiga simu, Tata si mtu wa simu, anasema "sijambo" na kuirudisha kwa shangazi. Akija nyumbani anakuta mimi nina habari za baba yake kuliko yeye. Hakuwahi kusema ana wivu, na mimi sikuliona. Mtu anayelala maturubaini, kila akishuka chini anajiuliza kama atapanda, kumtamani baba yake ni kosa?

Mama yangu alifanyiwa upasuaji, nikaenda Issenye kumuuguza. Hapa sasa ni kipindi ambacho sikuwepo.

Duara likawa limetema tena. Mwita akaleta fundi mwingine, wa kutoka kwenye migodi, akabadilisha mfumo wote. Keypad mpya, na ya mlango wa mbele ina jicho na inajirekodi kila mtu akisogea. Display mpya kubwa inayoonyesha geti, zizi na tangi la maji, kioo kitupu, kamera imo humo humo ndani ya kioo. Na app kwenye simu ya Mwita, kwamba popote alipo anafungua na kumwona Tata kwenye kiti chake.

Niliporudi alinipokea kwa furaha ya mtoto. Akanionyesha simu. Nikamwona Tata kwenye ile simu, amekaa, anatazama mlango, hajui.

Nikasema, "Mwita, ulimuuliza?"

Tuligombana. Akasema mimi niling'oa kamera bila kumwambia, sasa na yeye akifunga bila kuniambia kuna ubaya gani. Akasema insoni ni ya mimi na Tata, mtoto hakatazwi kumwangalia baba yake. Halafu akaniambia, "Nataka kumwona kabla hajafa. Wewe kila siku unamsikia."

Alikuwa na haki yake. Ila ule mfumo ulikuwa mmoja, na Tata akibonyeza kuita, kioo chake kinafungua sebule yangu, kama ile Jumapili.

Nikajaribu kuingia kwenye setting nizime picha. Fundi alikuwa ameweka password yake mwenyewe. Nikampigia, hapokei. Akipokea yuko Geita, akipokea tena yuko njiani. Jicho lenyewe sasa huwezi kulichomoa, liko ndani ya kioo.

Nikabandika plasta ya kidonda kwenye jicho la display yangu, tabaka juu ya tabaka. Nikamtuma shangazi amwambie Tata nimeziba, anaweza kuita.

Jibu likarudi maneno mawili. Plasta inabanduka.

Shuka likarudi kwenye display. Mwita akifungua simu kule duarani anaona kitambaa. Akanipigia kuuliza kuna nini, nikamweleza. Akasema basi, anakuja na huyo fundi mwisho wa wiki warudishe ya zamani. Na alimaanisha, namjua mume wangu anapomaanisha. Lakini duara likaingia maji, wakawa wanayatoa kwa pampu usiku na mchana, akashindwa kutoka.

Alasiri zikawa kimya. Nilikuwa napita mbele ya ile display nangojea ilie. Najua na yeye kule alikuwa amekaa karibu nayo.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya mnada, shangazi Robi ameenda. Umeme ulikatika asubuhi, nikawasha jenereta lililoko ukutani nyuma ya jiko. Tulilinunua kwa ajili ya ule mfumo, ili display na keypad zisizime kamwe. Linaunguruma hatari, ukiwa ndani lazima uinue sauti ndipo usikilizane na mtu.

Ghati alikuwa amelala. Mimi napiga pasi. Nikipita sebuleni naitupia jicho display: geti liko sawa, zizi liko sawa, tangi la maji liko sawa. Kila kitu kinaonekana. Nikarudi kwenye pasi yangu.

Nilipotoka kwenda kuanua nguo nilimkuta Tata.

Alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta wa nyumba yangu, pembeni ya mlango wa mbele. Kofia yake kichwani, fimbo imeangukia mapajani. Keypad iko juu ya bega lake.

Akili yangu ya kwanza ilikuwa kupisha. Wallahi, mimi wa Issenye, binti wa mlokole, nilirudi nyuma hatua nzima kumpisha mkwe wangu. Kisha nikaelewa.

Nilipiga magoti nikamshika mikono yote miwili. Ilikuwa bado na joto. Nilimwita Tata, Tata, nikimtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa, na macho yake yalikuwa yananipita. Sikujali nani ananiona. Majirani walipofika walinikuta nimemkumbatia, na hakuna hata mmoja aliyenisema.

Mwita alikuja na matope ya duarani mwilini. Sitaeleza alivyolia. Tulizika kwa mila yao yote, na wazee walimsifu Tata kwamba alikuwa mtu anayejua mipaka yake.

Baada ya msiba kupungua Mwita akakumbuka keypad ya mlangoni inarekodi. Tukakaa sebuleni, tukafungua kwenye display ile kubwa.

Uwanja mtupu. Kuku anapita. Halafu kivuli kwenye kona.

Hakuja mbele ya mlango. Alikuja ameambaa na ukuta, ubavuni, mahali ambapo jicho halimfikii. Alijua liko wapi, alilikwepa. Uso wake haumo kwenye ile rekodi hata kidogo. Kilichoingia kwenye picha ni mkono tu.

Ule mkono unabisha ukuta. Kitufe kipo, vidole karibu vinakigusa, kina taa ya bluu. Alivyojua yeye, akikibonyeza kinafungua picha, na mimi huko ndani nitakuwa nimekaaje? Hakukibonyeza. Anabisha ukuta wa zege kwa vidole, taratibu, kwa adabu. Sauti ni jenereta tupu. Ukisogeza sikio kabisa, chini ya jenereta, unasikia "Mama Ghati". Anapumzika. Anabisha tena. "Mama Ghati."

Kisha mkono unateleza kushuka, unatoka kwenye picha.

Mwita alisema jambo moja tu. "Angebonyeza." Akarudia, "Angebonyeza tu, jamani." Halafu akaweka kichwa kwenye magoti yangu.

Simlaumu mume wangu, na naomba humu msimlaumu. Kuna watu wanapata dhahabu wanawasahau wazazi wao. Yeye alitaka kumwona baba yake kila dakika. Amesharudi duarani, lakini ile app ameifuta, na akija nyumbani anakaa zizini mpaka giza.

Wakuu, nilichojifunza. Ukienda kufunga hivi vitu kwenye mji wa watu, usianze na waya. Anza kumuuliza mzee mwenyewe, si huyo anayelipa: nani hapa hatakiwi kumwona nani? Nani haingii wapi? Weka sauti peke yake pale panapohitaji sauti peke yake, na kamera iwe ya kuchomoa, aishike mkononi aamini. Password mdai fundi kabla hajapanda gari. Na jenereta wekeni mbali na nyumba, tafadhali sana.

Watakaokuja na "mila potofu, amekufa kwa ujinga wake", karibuni pia, ila someni upya sehemu ya zile alasiri kwanza. Tulikuwa tumeshapata njia. Mila haikuzuia kitu, ilikuwa inataka tu tusionane.

Mafundi mliowahi kufunga kwa wazee, mlifanyaje? Na wanaoelewa rekodi naomba ushauri, maana mfumo unajifuta wenyewe ukijaa, na bado sina ile password ya kuihamishia kwingine. Mwita anataka iachwe ifutike. Mimi sitaki. Ni siku moja tu Tata amewahi kuja mlangoni kwangu, akabisha, akaniita, na mimi nilikuwa ndani.